Pole Pole Ndio Mwendo, Hata kwa Kamera

Ndugu msomaji, katika safu ya juma lililopita tulieleza namna ya kumweka mtu karibu na dirisha ili nuru imwangukie usoni kwa upole. Juma hili twaendelea na jambo ambalo wapiga picha wengi wa nyumbani hulikimbia, nalo ni ukungu wa mwendo katika picha ya mtu. Kwa desturi picha iliyotikisika hutupwa. Mwenye sura akiiona hunung'unika, "Umeniharibu," na fundi wa studio hulazimika kuirudia bila malipo. Hata hivyo, ukungu huo huo unaotuaibisha ukija bila kuitwa waweza kuwa chombo chema mkononi mwa mtu aliyeutafuta kwa makusudi na kuuwekea mipaka.

Tazama picha zilizotundikwa ukutani katika nyumba nyingi za kwetu. Babu amekaa kitini, mikono imelala juu ya magoti. Bibi amesimama kando yake, amejifunga kanga mpya, macho yameielekea kamera. Ni picha za heshima na zastahili kutunzwa. Lakini mjukuu atakayezitazama baada ya miaka arobaini atajua sura za wazee wake bila kujua walivyokuwa wakifanya kazi. Bibi huyo alipepeta mchele kwa ungo maisha yake yote. Mikono yake ndiyo iliyomlisha baba wa mjukuu. Siku ya picha mikono ile ililazwa mapajani, na kazi yake haikuingia ndani ya fremu. Siku hizi mashine za kukoboa na kusaga zimeingia hata vijijini, na kinu na ungo havishikwi kila nyumba kama zamani. Akiondoka mzee huyu, mwendo wa mikono yake utaondoka naye.

Basi swali letu la leo ni hili: tutauwekaje mwendo wa mtu ndani ya picha, ambayo yenyewe haisogei?

KILANGO CHA KAMERA

Ndani ya kamera mna kilango kidogo ambacho mafundi hukiita shata. Ukibonyeza kitufe, shata hufunguka, nuru hupita na kuingia kwenye filamu, au kwenye kile kibao cha umeme kilichochukua mahali pa filamu katika kamera za kisasa, kisha shata hufungika. Muda wa kufunguka huko ndio mwendo wa shata. Hupimwa kwa visehemu vya sekunde, na kwenye kamera nyingi huandikwa kwa namba zinazokwenda kwa kukata nusu kwa nusu: sekunde 1, 1/2, 1/4, 1/8, 1/15, 1/30, 1/60, 1/125, na kuendelea.

Shata ikifunguka kwa muda mfupi sana, kitu kinachosogea hakipati nafasi ya kuhama, nacho huonekana kama kimesimama. Ikikaa wazi kwa muda mrefu zaidi, kitu hicho huhama mbele ya lenzi na kuacha alama ya njia yake. Alama hiyo ndiyo ukungu wa mwendo.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua mkono unaosogea mita 1 kwa sekunde, mwendo wa kawaida wa mtu anayefanya kazi bila haraka. Katika 1/125 ya sekunde mkono huo husogea milimita 8 tu. Pichani vidole vitahesabika. Katika 1/15 husogea takriban sentimita 7. Vidole vitayeyuka, lakini mkono utatambulikana kuwa ni mkono. Katika 1/4 husogea sentimita 25, zaidi ya shubiri; hapo mkono umekuwa kama moshi. Kwa hiyo mpiga picha aijuaye hesabu hii haanzi kwa kubahatisha. Hutazama kwanza kasi ya kazi iliyo mbele yake, kisha huchagua muda.

Wahenga walisema pole pole ndio mwendo. Kwa kamera methali hiyo ni kweli neno kwa neno: shata ya haraka huufuta mwendo, na shata ya pole pole ndiyo huuonyesha.

KITU KIMOJA KITULIE

Sasa twafikia kanuni ambayo asiyeishika atapoteza filamu yake bure. Ukungu huonekana kuwa ni mwendo pale tu panapokuwa na kitu kilichotulia kando yake. Kila kitu kikiwa na ukungu, jicho halina pa kupumzika, na mtazamaji atasema kamera iliteleza. Uso ukiwa mkavu, macho yakionekana vizuri, na mikono peke yake ikiwa na ukungu, mtazamaji haulizi lolote. Ataona mtu aliyekuwa akifanya kazi.

Jambo hili lina umri sawa na upigaji picha wenyewe. Mwaka 1838 Mfaransa Louis Daguerre alielekeza kamera yake kutoka dirishani kwenye barabara ya Boulevard du Temple, mjini Paris. Vifaa vya wakati ule vilihitaji dakika kadhaa ili kupokea nuru ya kutosha. Barabara ilikuwa na watu na magari ya farasi, lakini katika picha ile yaonekana tupu, kwa sababu waliokuwa wakipita hawakukaa mahali pamoja muda wa kuacha alama. Akabaki mtu mmoja pembezoni mwa barabara, aliyesimama akipigwa rangi viatu. Yeye alitulia, na kwa kutulia kwake akaingia katika historia kuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuonekana katika picha. Mwendo bila utulivu wowote umefutika kabisa, aliyetulia amebaki.

Baada ya ugunduzi huo kutangazwa mwaka 1839, wapiga picha wa studio walipata taabu na mwendo kwa miaka mingi. Mteja aliketishwa, na nyuma ya shingo yake hufichwa chuma cha kushikilia kichwa asije akatikisika. Ndiyo sababu moja ya nyuso katika picha za zamani kuwa kavu mno: si rahisi kutabasamu kwa nusu dakika huku chuma kimekushika kisogo.

Wapo waliouona ukungu kwa jicho jingine. Nchini Uingereza, Bibi Julia Margaret Cameron alipewa kamera na binti yake mwaka 1863, akiwa na umri wa miaka 48. Aliwaweka watu mbele ya lenzi kwa muda mrefu, na pumzi zao na mitikisiko yao midogo ikazilainisha sura. Wakosoaji wa siku zile walimlaumu kwamba hajui kazi. Leo picha zake huhifadhiwa katika majumba makubwa ya makumbusho. Nchini Italia, Anton Giulio Bragaglia alipiga mwaka 1911 picha ya mikono ya mpiga taipu ikienda juu ya mashine yake. Mashine imetulia, mikono imekuwa mawimbi. Na mjini St. Petersburg, nchini Urusi, Alexey Titarenko aliuweka umati wa watu mwaka 1992 mbele ya shata iliyokaa wazi kwa muda mrefu, penye ngazi za kituo cha treni za chini ya ardhi. Umati umekuwa kama ukungu wa mto, lakini mikono iliyoshika kizuizi cha ngazi imebaki ikionekana. Mtazamaji huishika mikono hiyo kwanza, na kwa hiyo huelewa kwamba ule moshi wote ni watu.

Katika mifano hiyo ya Bragaglia na Titarenko hakuna hila. Kuna kitu kilichotulia na kitu kinachokwenda, na mpiga picha alijua kipi ni kipi. Kwetu sisi tunaopiga picha za watu wa nyumbani, kinachotulia na kiwe uso, na hasa macho.

KUCHAGUA KAZI

Si kila kazi yafaa. Mwanamke anayetwanga kinuni hutumia mwili mzima. Mgongo hushuka, kichwa hushuka pamoja nao, na uso hautapata utulivu. Kwa anayeanza, kazi bora ni ile inayosogeza mikono na kuuacha mwili umekaa. Fundi cherehani ni mfano mwema: kichwa kimeinama juu ya kitambaa, hakitikisiki, ilhali gurudumu la cherehani lazunguka na mkono wasukuma nguo. Jaribu 1/30 au 1/15. Msuka mkeka naye hukaa ametulia, vidole vikienda juu ya ukili; kwa kuwa vidole husogea njia fupi, mpe 1/8 au 1/4. Anayesuka nywele za mwenzake hutoa nyuso mbili zilizotulia na mikono miwili inayokwenda, na picha yake hupendeza sana.

Anayepepeta kwa ungo hustahili maelezo zaidi. Punje zilizorushwa juu hushuka kwa kasi inayoongezeka; zikishakuanguka sentimita 20 huwa zimefikia kasi ya mita 2 kwa sekunde. Kwa 1/15 kila punje itachora mstari wa zaidi ya sentimita 10, na mbele ya ukuta wenye giza mistari hiyo itang'aa kama mvua. Mwombe mama au bibi atazame ungo bila kuinua kichwa, au asimame kidogo na kurusha mara moja kwa hesabu yako.

Kumbuka pia kwamba kitu kinachokwenda na kurudi hupumzika kidogo kila kinapogeuka. Mchi ukifika juu kabisa husita kabla ya kushuka. Mpiga ngoma akiinua vijiti, vijiti husita hewani. Kwa hiyo katika picha ya pole pole ncha mbili za mwendo huonekana wazi zaidi kuliko katikati yake. Ukibonyeza pale kitu kinapokaribia kugeuka, utapata umbo lake na mwendo wake pamoja.

Wale walio karibu na wapiga ngoma za kifalme za Burundi, ambazo UNESCO iliziorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi wa binadamu, wana shule nzima mbele yao. Wapigaji husimama nusu duara nyuma ya ngoma zao, na mmoja huingia katikati akicheza na kuruka. Shata ya 1/15 ikiwekwa kwa kamera iliyosimama imara, ngoma zitatulia kama nguzo, mikono itakuwa mabawa, na yule wa katikati akifika kilele cha mruko wake, mahali mwili unaposita kabla ya kurudi chini, sura yake itabaki ikitambulikana.

NURU NA TUNDU LA LENZI

Atakayejaribu mambo haya saa sita mchana uwanjani atakata tamaa. Picha yake itatoka nyeupe kama karatasi, kwa maana shata iliyokaa wazi muda mrefu hupokea nuru nyingi kupita kiasi. Hapana budi kuipunguza nuru kwa njia nyingine.

Njia ya kwanza ni tundu la lenzi. Namba kubwa humaanisha tundu dogo. Namba 16 hupitisha nuru kidogo, namba 2 hupitisha nyingi. Njia ya pili ni kutumia filamu isiyo nyepesi kupokea nuru, kama ile ya ISO 100, au kuweka kamera ya kisasa kwenye namba hiyo. Njia ya tatu, iliyo rahisi na isiyo na gharama, ni kuondoka juani.

Kanuni ya zamani ya wapiga picha yasema hivi: penye jua kali, kwa ISO 100 na tundu namba 16, muda unaofaa ni karibu 1/125. Chini ya kivuli cha wazi, kama barazani au chini ya mwembe mnamo mchana, nuru hupungua kufikia takriban sehemu moja ya nane. Basi kwa tundu lile lile la 16 muda huwa 1/15, na 1/15 ndiyo hasa tuliyoihitaji kwa ungo na cherehani. Ndani ya nyumba, hatua moja au mbili kutoka dirisha pana, tundu namba 8 mara nyingi huruhusu 1/8 au 1/4. Kwa hiyo barazani na dirishani, mahali ambapo kazi nyingi za nyumbani hufanyika, ndipo pia shata ya pole pole hufanya kazi vizuri.

Kwa wanaotaka kupiga juani, kuna vioo vya kijivu vinavyofungwa mbele ya lenzi ili kupunguza nuru bila kubadili rangi. Kioo kinachopitisha sehemu moja ya nane huigeuza 1/125 kuwa 1/15.

Wenye simu za mkononi nao wasijione wameachwa. Simu ikiachwa ijiamulie mambo, kwa kawaida hupendelea muda mfupi, na nyingine huunganisha picha kadhaa ili kuondoa mtikisiko. Lakini simu nyingi zina sehemu ya kupiga picha kwa kuongozwa na mwenyewe, ambamo waweza kuchagua mwendo wa shata na ISO. Tundu la lenzi ya simu aghalabu halibadiliki. Kwa hiyo weka ISO ya chini kabisa na utafute kivuli kizito. Asubuhi mapema na jioni kabla ya magharibi ni saa zake.

KUTULIZA KAMERA NA KUMTULIZA MTU

Mkono wa mpiga picha nao hutikisika. Desturi ya mafundi ni kwamba ukiwa na lenzi ya milimita 50, usishike kamera mkononi kwa muda mrefu kuliko 1/50, yaani 1/60 kwa namba za kamera. Chini ya hapo tumia stendi ya miguu mitatu. Asiye na stendi aiweke kamera juu ya meza, kiti au ukuta mfupi, na chini yake alaze mfuko wa maharage au mchanga. Kamera hukaa ndani ya mfuko huo kama yai kwenye kiota. Usibonyeze kwa kishindo. Kamera na simu nyingi zina kihesabu muda. Kiweke sekunde 2, uondoe mkono, kisha uiache ifanye kazi.

Anayepigwa picha naye asaidiwe. Mkalishe penye kiti chenye egemeo, au mgongo wake uguse ukuta au nguzo. Mpe kitu cha kutazama. Mwambie avute pumzi, aitoe, kisha atulie kichwa tu, huku mikono ikiendelea na kazi kama hakuna kamera. Usimwombe tabasamu kubwa, maana midomo iliyonyoshwa kwa muda huanza kutetemeka. Uso wa mtu aliyeizamia kazi yake una utulivu wake wa asili.

Piga mara nyingi. Katika picha kumi huenda ukapata moja ambayo macho ni makavu na mikono imekwenda vizuri. Mwenye filamu atachelea gharama. Na afanye mazoezi kwanza bila filamu, akimwangalia mzee na kuhesabu mapigo ya kazi yake hadi aujue mdundo.

Ipo njia nyingine kwa wenye flashi. Shata iwe 1/8 au 1/4, na flashi iwake ndani ya muda huo. Mmweko wa flashi ni mfupi sana, nao huukausha uso. Nuru ya kawaida iliyobaki huchora mwendo. Kama kamera yako yaruhusu, iamuru flashi iwake mwisho, karibu na shata kufungika, ili michirizi ibaki nyuma ya mchezaji. Ikiwaka mwanzoni, michirizi huja mbele yake, naye huonekana kama anarudi kinyumenyume. Na kwa mtoto anayepita na baiskeli, simama imara, mfuate kwa kamera kuanzia mbali, ubonyeze kwa 1/30 bila kusimamisha mzunguko wa kiuno chako. Yeye atabaki akionekana, na nyumba na miti nyuma yake zitakuwa mistari.

KUISOMA PICHA ILIYOTOKA

Filamu ikisha kusafishwa, au ukiikuza picha kwenye kioo cha simu, isome kabla ya kuihukumu. Kama ukuta na uso vyote vina michirizi ya upande mmoja, kamera ndiyo iliyotikisika. Kama ukuta ni mkavu na uso una michirizi, mtu alisogea. Kama kila kitu kimefifia bila kuelekea upande wowote, lenzi haikulengwa sawasawa. Na kama ukuta ni mkavu, uso ni mkavu, na mikono peke yake ina ukungu, hiyo ndiyo picha tuliyoitafuta.

HESHIMA YA ANAYEPIGWA PICHA

Lililo gumu kuliko hesabu zote za shata ni kumpata mzee akubali. Kwake yeye picha ni shughuli ya kuoga, kuvaa na kukaa kitako. Kumpiga akiwa na nguo za jikoni, na mikono iliyoyeyuka, kwaweza kumwonekea kama kudharauliwa. Wala hana kosa. Yeye anaijua thamani ya sura yake, na anajua kwamba picha huenda ikaishi kuliko mwenyewe.

Kwa hiyo tunashauri utaratibu huu. Umwamkie kwa adabu, "Shikamoo, bibi." Mpige kwanza ile picha aitakayo, amekaa, amevaa, mikono imetulia. Hiyo ni haki yake na uimalize vizuri. Kisha umwambie, "Bibi, sasa naomba nikupige unapofanya kazi, wajukuu waijue." Mweleze mapema kwamba mikono itaonekana kama inakwenda, na umwonyeshe mfano. Akikataa, mshukuru na uweke kamera chini. Ukiisha kuipiga, mwonyeshe, na asipoipenda usiipeleke kwa watu.

Kuna hali moja ya kuangaliwa sana. Wapo wazee ambao mikono yao hutetemeka kwa ugonjwa au kwa umri. Shata ya pole pole itautangaza mtetemo huo mbele ya kila atakayeiona picha. Usiigeuze taabu ya mtu kuwa pambo bila idhini yake. Kwa mzee wa namna hiyo tumia 1/125 au haraka zaidi, na mikono yake itatulia pichani hata kama haitulii tena nje ya picha. Pengine hilo ndilo alilotamani.

Tena ziko picha zisizotaka ukungu hata kidogo: za kitambulisho, za hati ya kusafiria, za kumbukumbu ya hospitali, na picha ya pamoja ya harusi ambayo kila jamaa anataka kujiona. Mpiga picha mwenye busara hupambanua mahali pa kila kitu.

Ndugu msomaji, tunakupa kazi ya juma hili. Mtafute mtu mmoja nyumbani kwenu ambaye kazi yake ya mikono unaijua tangu utoto, na ambayo huna hakika kama watoto wako wataiona. Mpeleke barazani, penye kivuli. Weka 1/15, tuliza kamera, tuliza uso, na uiache mikono iende. Picha ikisha kutoka, andika nyuma yake kwa kalamu jina la mtu huyo, jina la kazi anayoifanya, mahali na mwaka; na kama imo ndani ya simu, ipeleke studio ichapishwe, kwa sababu simu hupotea na kuharibika. Itundike kando ya ile ya kukaa kitini. Mjukuu akiuliza kwa nini mikono ya bibi haionekani vizuri, atajibiwa kwamba siku ile bibi alikuwa akipepeta mchele wa chakula cha jioni.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuhifadhi picha za zamani zisiliwe na unyevu na wadudu.